Msalaba Juu ya Karatasi

Dada yangu Pelagia alifariki siku ya mvua kubwa, mwezi wa Agosti. Sisi tulimwita Pelay. Uchungu ulimshika asubuhi. Mkunga alikaa mjini, ng'ambo ya mto. Wanaume walimlaza kwenye machela ya kitambaa, wakaifunga kwenye mwanzi, wakapita naye juu ya matuta ya mashamba ya mpunga. Mto ulikuwa umefurika. Tulingoja ukingoni maji yapungue. Pelay alikata roho palepale. Mtoto hakuzaliwa.

Kijiji chetu cha Bukal kilikuwa kimeomba mkunga wake. Madiwani walijibu kwamba fedha hakuna. Mwaka uleule walijenga jukwaa la bendi mbele ya kanisa.

Tulipomaliza sala za siku tisa za msiba, mama yetu, Damasa, alikaa barazani akipepeta mchele. Jirani yetu Titay alikuja kumtazama. Titay alikuwa mshonaji, tena mwanachama wa chama cha wanawake cha mjini.

"Titay," mama aliuliza, "nani aliamua bendi ipate jukwaa, sisi tukose mkunga?"

"Madiwani, dada."

"Na madiwani wanawekwa na nani?"

"Waume zetu. Wewe na mimi hatupigi kura."

Baba alikuwa akichonga mpini wa panga. Akacheka. "Mkienda kupiga kura, wali atapika nani?"

"Atapika mwenye njaa," mama alisema.

Titay akatueleza. Ufilipino ilikuwa bado chini ya Wamarekani, lakini tulikuwa na katiba mpya. Wanawake wenyewe wangeulizwa kama wanataka kupiga kura. Wakisema ndiyo wanawake laki tatu, haki hiyo ingekuwa yao. Wasipofika, hakuna.

"Kwa hiyo asiyekwenda ni sawa na aliyekataa," Titay alisema. "Na lazima ujue kusoma na kuandika."

Mama aliacha kupepeta. Utotoni alifundishwa herufi na bibi yake, kwa kitabu cha sala. Nyingi alikuwa amezisahau.

"Nitakuja kwako kesho," alisema.

Alijifunza kwenye meza ya Titay ya kukatia nguo, kwa chaki ya mshonaji. Mzee Kiko, jirani mwingine, alipita na jogoo wake wa kupigana kwapani.

"Damasa! Hata huyu jogoo atajiandikisha!"

"Mlete, Kiko. Akijua kusoma, akufundishe na wewe."

Miezi ilipita. Mama aliweza kuandika jina lake, kisha neno "ndiyo" kwa lugha yetu. Lakini kila alipoandika, alianza kwa kuchora msalaba mdogo juu. Wazee wetu wote walifanya hivyo. Hata kitabu cha herufi kilianza na msalaba.

Titay aliuona. "Dada, siku ya kura usichore huo. Karatasi yako itatupwa."

Mama alitoa macho. "Nimwache Mungu nje?"

"Sikusema hivyo."

"Mwanangu yuko kaburini, Titay. Siandiki neno bila msalaba. Sijawahi."

Alikusanya upindo wa sketi yake nyeusi, akaondoka. Hakurudi kwa juma zima. Niliogopa. Kama asingerudi, kura yetu moja ingekuwa imekufa.

Titay ndiye aliyemfuata. Alimkuta akimenya mihogo, akakaa chini amsaidie.

"Sikiliza, dada. Zamani matajiri walinunua kura. Walimwambia mtu, weka alama yako, tuijue karatasi yako. Ndiyo maana sheria inakataa alama yoyote. Karatasi iwe na neno tu, ili asijue mtu ni ya nani. Si baba watoto, si diwani."

"Hata msalaba?"

"Hata msalaba. Msomaji wa kura hawezi kujua nani anasali na nani amelipwa."

Mama alimaliza kumenya muhogo aliokuwa nao.

"Basi msalaba nitajifanyia mwilini," alisema. "Nikishika kalamu, karatasi iwe safi."

Mwisho wa Aprili, mwaka 1937, tulitembea hadi shuleni, kwenye kituo cha kura. Mama alivaa nguo za msiba. Mimi sikuwa nimefikisha umri, nikabaki nje. Kupitia dirisha nilimwona akigusa paji la uso, kifua, bega moja, bega la pili. Kisha akainama akaandika.

Njiani kurudi, shangazi yetu Sepa alisema kwa furaha, "Mimi nimechora msalaba mkubwa, ili Mungu aone."

Mama na Titay walitazamana. "Sepa," mama alisema taratibu, "safari ijayo tutakwenda pamoja. Nitakueleza."

Wanawake waliosema ndiyo walizidi sana laki tatu. Desemba, siku chache kabla ya kuchagua madiwani, mgombea mmoja alikuja kwetu. Baba alimkaribisha kiti. Yule mtu akauliza, "Bi Damasa yupo?"

Mama hakumpa chai kwanza. Alimpa habari ya Pelay, tangu asubuhi ile hadi mtoni. Kisha akasema, "Wanawake wa Bukal wanataka mkunga. Sasa tunywe chai."

Sasa mkunga anakaa hapa Bukal, nyumba ya karibu na kisima. Anayemhitaji usiku agonge dirisha la upande wa mto. Mlango wa mbele ukigongwa hausikiki.