Fiacre Alirudi Mazoezini

Mnisamehe mapema: hadithi hii nitaiharibu. Mdomo wangu umezoea vichekesho. Ukinipa maiti, namtekenya. Basi mkijikuta mnacheka pahali pa kuogopa, kosa ni la msimulizi, si la marehemu.

Ilikuwa jioni, mvua inakaribia. Kocha Liévin alitoka nyumbani kwake, kule Shari, kwenda kuanua glavu za ngumi alizozianika nyuma ya klabu. Glavu za nani? Hakuna. Tangu Fiacre afe, hakuna kijana aliyekanyaga tena pale. Lakini kila juma Liévin alizifuta jasho la zamani na kuzianika, kama mama anayepikia watoto waliohama.

Fiacre alikuwa bingwa wetu. Jimbo zima hakuna aliyewahi kuuona mgongo wake ukigusa sakafu. Vita vilipozidi akaingia jeshini, na Liévin ndiye aliyemsainia barua ya kumsifu. Miezi minne tu. Risasi, upande wa Djugu. Walimzika hukohuko.

Mtaa ukatoa hukumu: Liévin ni mulozi, amekula mutoto ya watu. Wanawake wakaacha kumsalimu. Hata muuza makaa alimwachia gunia mlangoni na kukimbia. Naye hakubisha. Alijilaza peke yake akijiuliza kama mtu anaweza kuwa mlozi bila kujijua. Duniani alitaka kitu kimoja: Fiacre mwenyewe amwambie.

Aliingia ukumbini na glavu zake. Umeme, kama kawaida yetu, haukuwepo. Juu ya benchi kulikuwa na ile mito midogo ya ngozi ambayo kocha huivaa viganjani ili bondia aipige. Akaivaa. Msimcheke. Mjane naye hulala na koti la mumewe.

Akasimama katikati ya ukumbi, mikono juu. Peke yake.

Harufu ikatangulia. Mafuta ya kuchua misuli… na udongo mbichi.

Kisha pumzi, ile ya puani. Sss… sss…

Pa. Pa.

Kimya.

Pa.

Kushoto mbili, anangoja, kulia moja. Duniani ni mtu mmoja tu aliyepiga hivyo.

Viganja viliwaka moto. Mlango ulikuwa hatua tano, na miguu ilikwisha kupiga kura ya kukimbia. Lakini ukocha ni ugonjwa. Mdomo ukanong'ona wenyewe: "Pandisha mukono ya kushoto. Kidevu kiko wazi."

Pa. Pa… Pa.

Safari hii vizuri zaidi.

Machozi yakamtoka Liévin. "Fiacre. Ni miye nilisaini barua. Kama ni miye nilikuua, uniambie."

Mvua ikaanguka juu ya mabati. Chini ya kelele ile, karibu kabisa na sikio, pumzi ya baridi:

"Kocha… siko nakutafuta weye."

"Uko natafuta nani?"

"Ule mwenye alishika mikro."

Asubuhi Liévin alikuja kwangu, viganja vimevimba kama maandazi. Nikamwambia labda ni nyuki, waliingia kwenye ile ngozi. Hakucheka. Alinisimulia yote polepole, hakunilaumu hata kwa neno moja, akanigusa bega, akaenda zake. Nilimtazama akishuka barabara. Alitembea kichwa juu, akiwasalimu watu wasiomwitikia.

Sasa niwarudishe nyuma, Fiacre akiwa hai: siku askari wapya walipoondoka, kiwanja kilijaa. Fiacre aliweka mguu kwenye kamio, lile lori la jeshi, akaushusha. Akageuka kumtafuta kocha wake kwa macho. Liévin alikwisha fungua mdomo amwambie, rudi. Mikro, kile kipaza sauti cha sherehe, ikamtangulia: "Bingwa wetu iko naogopa kamio. Muitie mama yake akuje amubebe."

Kiwanja kizima kikaanguka kwa kicheko. Fiacre naye akacheka kidogo.

Akapanda.

Mikro ilikuwa moja tu, na ilikuwa mkononi mwangu. Na mzaha wenyewe, naapa, ulikuwa mzuri.