Bastola ya Mkono wa Kulia

"Kalamu ikigusa mstari wa sahihi, tunaingia. Si kabla. Umenipata?"

Sauti ya bosi Lindqvist ilitoka kwenye hereni ya sikio la kushoto.

Renata Quihuis akakohoa mara moja.

Kikohozi kimoja, nimekupata. Viwili, sikubali. Koo lilimwasha vibaya likitaka cha pili. Akakimeza.

Saa nne na nusu asubuhi, Jumamosi, Tucson, na lami ya nje ilishaanza kulainika. Ndani ya duka la silaha la mzee Hollister kiyoyozi kilikuwa kikinguruma kama ndege inayokataa kupaa. Renata alisimama nyuma ya kaunta amevaa fulana ya duka, beji kifuani imeandikwa CONNIE. Ndani ya beji, kinasa sauti. Ukutani nyuma yake, kichwa cha nguruwe pori kilichokaushwa. Jicho la kushoto lilikuwa kioo tu.

La kulia lilikuwa kamera.

Mzee Hollister mwenyewe alikubali kubaki nyumbani siku moja hiyo, na mpaka saa hiyo alishapiga simu mara tatu kuuliza kama kuna mtu kagusa thermosi yake ya chai.

Nje, gari aina ya Ford, pikapu nyeupe, vioo vyeusi, injini inawaka. Ndani yake Dale Yancey.

Kule Idarani, kwa wapelelezi wa magendo ya silaha, walimwita Glavu, na jina lilimkaa. Miezi kumi na minne wanamfuata, bastola arobaini na moja zimevushwa mpaka kwenda kusini ndani ya mashine kuukuu za kufulia, na hakuna hata moja yenye alama ya kidole chake. Glavu hagusi. Alishafungwa miaka sita, sheria inamkataza kushika hata risasi moja, kwa hiyo anatuma wasichana. Msichana anaingia, anajaza fomu ya serikali, anaweka vema kwenye swali linalouliza kama yeye ndiye mnunuzi halisi, anasaini. Akigundulika kadanganya, ni jela mpaka miaka kumi.

Ya msichana. Si ya Glavu.

Mwaka jana alikuwa Joleen. Renata alikuwa nyuma ya kaunta nyingine, na jina jingine kifuani, akamwona Joleen anasaini na hakusema kitu, kwa sababu bosi alisema mwache. Joleen akadakwa. Glavu akaondoka zake taratibu, akawasha na indiketa. Mtoto wa Joleen ana miaka minne sasa.

Renata hakuwa akilala vizuri tangu hapo.

Mlango ukalia kengele.

Msichana wa miaka ishirini na miwili hivi, sare ya bluu ya wanaohudumia wazee, viatu vya Crocs miguuni, nywele bado mbichi. Akaja moja kwa moja kwenye kaunta kama mtu aliyekariri.

"Habari, dada. Naitwa Marisela. Nataka bastola ya Kessel. Ile fupi, nyeusi."

"Umeshawahi kuishika?"

"Hapana. Ila ndiyo hiyohiyo."

"Dola elfu tatu na mia nne, na hujawahi kuishika." Renata akatabasamu. "Mwenzio hata viatu vya dola ishirini lazima nitembee navyo duka zima."

Marisela akacheka kidogo. "Kachagua mpenzi wangu. Ni zawadi yangu. Natoka zamu usiku, pale tunapoegesha magari hakuna taa. Kasema nisihangaike, niseme jina tu."

Joleen naye aliambiwa zawadi. Kisingizio tu ndicho kilichobadilika, kwa Joleen ilikuwa mbwa wa jirani.

Ukweli ni kwamba Kessel hiyo ilikuwa zawadi kweli, ila ya bosi mmoja wa magendo kusini mwa mpaka, sikukuu yake ya kuzaliwa kesho, mtu asiyependa zawadi yenye kasoro. Tucson nzima ilikuwepo moja. Lori la mashine za kufulia linaondoka saa sita mchana.

Marisela akavuta fomu, akachukua kalamu.

Kwa mkono wa kushoto.

Renata akauona ule mkono, akaitazama Kessel kabatini.

"Safi," Lindqvist akanong'ona. "Mwache aendelee."

Jina. Anwani. Tarehe ya kuzaliwa. Kalamu ilikuwa inatambaa.

"Hebu ngoja kwanza, mdogo wangu," Renata akasema. "Bastola hainunuliwi kama maziwa."

Akaitoa Kessel kwenye kabati la kioo. Akachomoa magazini ya risasi. Akavuta slaidi, kile chuma cha juu, nyuma, akaifunga hapo, akachungulia chemba, akaingiza kidole kuhakikisha. Tupu. Akailaza kwenye kitambaa cha kijani.

"Shika."

Marisela akaishika kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake.

"Sasa gumba lako liguse sefti. Kile kitufe cha kufungia."

Gumba likatafuta. Likapapasa chuma kitupu.

"Upande wangu hakuna kitu."

"Hakuna. Hiyo ni ya mkono wa kulia. Watengenezaji wana ya kushoto pia, bei ileile. Hakukwambia?"

Marisela akaigeuza bastola upande wa pili, akakiona kitufe.

"Labda kasahau," Marisela akasema.

"Mna muda gani pamoja?"

"Mwaka na miezi miwili."

"Quihuis," hereni ikasema. Si Connie tena. Quihuis. "Unafanya nini?"

Hata yeye hakujua, mpaka macho yake yalipoangukia ile Ford ya nje. Na akakumbuka ukurasa wa saba wa faili la Glavu, ule usiosomwa na mtu: kabla ya kufungwa, Dale Yancey alikuwa fundi wa bastola. Fundi hasa. Watu walikuwa wakimletea silaha kutoka Phoenix azisikilize tu.

Renata akakunja sura.

"Isitoshe," akasema, kwa sauti ya mtu wa kaunta anayejua kila kitu, "hii mimi nisingeichukua. Slaidi inacheza. Triga, hiki cha kufyatulia, ina mchangamchanga. Nimejaribu hata sarafu, imeanguka."

"Sarafu gani?"

"Mwambie mpenzi wako tu. Ataelewa."

Marisela akaandika ujumbe. Jibu likaja kabla hajashusha simu: NUNUA.

Kisha simu ikaita. Akaiweka sauti ya nje.

"Nani kasema ina mchanga?"

"Dada wa hapa dukani."

"Dada wa hapo aende akauze mikate. Kessel haina mchanga, zinasuguliwa kwa mkono."

"Sijui, bwana," Renata akasema juu ya simu. "Mie naona inakwaruza. Na sarafu niliiweka huku nyuma, nikavuta triga, ikaanguka."

Mtu wa upande wa pili alikuwa anaumia.

"Uliiweka nyuma?"

"Eeh. Karibu na nyundo."

"Sarafu inakaa mbele, mama. Mbele. Juu ya ncha ya mtutu; triga ikiwa laini, haianguki."

"Sasa mbele si ndiyo itaanguka zaidi? Nyepesi huku. Basi nimwandikie risiti? Ila mwenye nayo akija kulalamika, mimi nilishasema ni mbovu."

Simu ikakatika.

"Umemfukuza," Lindqvist akasema. "Miezi kumi na minne, Quihuis. Umemfukuza."

Nje mlango wa Ford ukafunguka.

Dale Yancey aliingia mikono mifukoni. Mrefu, shati limepigwa pasi, buti safi. Hakumtazama Marisela. Alimtazama Renata kama daktari anayemtazama mganga wa kienyeji.

"Wewe ndiye Connie."

"Ndiye mimi."

"Nionyeshe unavyovuta triga."

Renata akaichukua Kessel akaifanyia mambo ya aibu. Aliishika chini mno. Aliinyakua triga kwa kiungo cha pili cha kidole, mtutu ukazama kama pua ya ng'ombe anayekunywa maji. Dale akafumba macho.

"Inakwaruza," Renata akasema. "Umesikia?"

"Hicho ni kidole chako."

"Huamini? Haya, ngoja niivute tena kwa nguvu..."

Akaivuta slaidi ili aiachie ijipige yenyewe, bila risasi, chuma kwa chuma. Kwa silaha iliyosuguliwa kwa mkono, ni kama kuubamiza mlango kwenye vidole vya mtoto.

Mikono ikatoka mifukoni.

"Lete hapa."

Akaichukua.

Mfungwa wa zamani, bastola mkononi, mbele ya kamera.

Na lo, ilikuwa raha kumtazama. Akaifunga slaidi nyuma, akachungulia, akaingiza kidole, akachungulia tena. Akaishusha polepole kwa mkono, akaitikisa sikioni. Kimya. Akabonyeza mtutu pale juu kwa gumba. Haukusogea hata unywele. Akafumba macho, akaielekeza kwenye ukuta mtupu, akafumbua: ilikuwa imenyooka yenyewe. Akachomoa sarafu mfukoni mwake, akailaza juu ya ncha, akavuta triga.

Tik.

Sarafu haikutetemeka.

"Unaona," akasema, laini kabisa. Alikuwa kama mtu aliyerudi nyumbani baada ya miaka. "Unaona sasa. Mkononi inakaa kama..."

"Mkononi mwako," Marisela akasema.

Dale akageuka, kama ndiyo kwanza anakumbuka kuna mtu.

"Hujanipa niishike," Marisela akasema. "Umekuja, umeipima yote. Hata hujauliza mkono wangu."

"Mpenzi, sasa hivi si..."

Hapo ndipo alipoinua macho. Nguruwe pori alikuwa anamtazama. Jicho moja lilikuwa na doa dogo jekundu.

Dale Yancey akaelewa kila kitu kwa mpigo mmoja. Na, jamani, hata wakati huo hakuitupa. Aliilaza Kessel kwenye kitambaa taratibu, kama anamlaza mtoto. Kisha akaisukuma fomu na kalamu mbele ya Marisela.

"Saini," akasema chini chini. "Saini sasa hivi, useme ni yako, mimi nilikuwa nakusaidia kuchagua tu. Dakika moja, mpenzi. Ukinipenda."

"Mwache asaini," Lindqvist akasema sikioni. "Tuwabebe wote wawili."

Wanaume wawili, hawajuani, wanataka jambo lilelile.

Marisela akaishika kalamu. Kwa mkono uleule wa kushoto.

Renata akakohoa.

Mara mbili.

Halafu akasema, na sauti haikuwa ya Connie tena: "Mdogo wangu, soma lile swali kwanza. Kwa sauti."

Marisela akasoma. "Je, wewe ndiye mnunuzi halisi wa silaha hii?"

"Saini," Dale akasema.

Marisela aliitazama bastola, kitufe kidogo kikiwa upande usio wake. Mwaka mmoja na miezi miwili. Alimlisha Dale supu kwa mkono huo wa kushoto alipougua. Alimshonea kifungo cha shati hilohilo alilovaa.

Akaandika neno moja kubwa, akakatiza fomu nzima.

HAPANA.

Dale akakurupuka kwenda mlangoni. Renata aliruka kaunta, teke moja kwenye stendi ya shabaha za karatasi, stendi ikamfagia miguu, akashuka kifudifudi. Goti mgongoni. Pingu, kliki, kliki. Shabaha ya karatasi ikamtua kisogoni.

Mlango ukavamiwa na fulana sita za kuzuia risasi, zilizochelewa. Lindqvist nyuma yao, mwekundu kama kamba wa kuchemsha.

"Nilisema mwache asaini."

"Nilimwacha," Renata akasema. "Hakutaka."

Akaokota sarafu kwa ncha ya kitambaa, akaitia kwenye mfuko wa ushahidi. Alama ya kidole ya kwanza ya Glavu. Nyingine zote zilikuwa kwenye bastola.

Marisela alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye kabati la kioo.

"Dada," akasema. "Ningesaini. Usingenishikisha kile kitu, ningesaini."

"Najua."

"Kuna wasichana wengine?"

Renata alibandua beji ya CONNIE, akaiweka juu ya thermosi ya mzee Hollister.

Nje joto likampiga usoni. Injini ya Ford ilikuwa bado inawaka, baridi ikimwagika mlangoni bure. Akaingiza mkono, akazungusha ufunguo, akaizima. Kisha akavua hereni, akaitia mfukoni mwake, Lindqvist akiwa bado anaongea ndani yake, na akapiga simu gereza la wanawake.

"Nataka kuandikisha mgeni wa Jumapili."

"Jina la mfungwa?"

"Joleen Pruitt."

"Wewe ni nani wake?"

Renata alivaa miwani ya jua, akaanza kutembea.

"Mimi ndiye niliyemuuzia," akasema.