Migomba ya Babu Sifaeli na Wakulima wa Kolombia

Kila jioni, Diana akishavua sare ya shule, kazi yake ya kwanza ilikuwa kumkatia ng'ombe majani. Shamba la babu yake, Mzee Sifaeli, lilikuwa Nkoaranga, kwenye miteremko ya Mlima Meru: mibuni chini, migomba juu yake, na ng'ombe mmoja bandani anayekula kuliko watu wote wa nyumba ile. Babu hakukosa kumfuata mjukuu wake shambani, maana mzee yule alikuwa na ugonjwa wa kuuliza.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Haya, leo wamewafundisha nini?"

Wiki hiyo Diana alikuwa na ya kusimulia. Mwalimu Batuli, mwalimu wa jiografia, alikuwa amempa kila mwanafunzi wa darasa la sita nchi moja ya mbali aisome, kisha awaeleze wenzake. Diana aliangukiwa na Kolombia, huko Amerika ya Kusini.

"Ni nchi ya milima, Babu. Ina safu tatu ndefu. Mji wao mkuu, Bogota, uko juu karibu mara mbili ya Arusha, kwa hiyo watu wanavaa masweta mwaka mzima. Tena nchi yenyewe ina bahari pande mbili. Walitawaliwa na Wahispania karibu miaka mia tatu, ndiyo maana mpaka leo wanazungumza Kihispania. Na wanalima kahawa."

Babu akaacha kupogoa mibuni. "Kahawa gani? Hii yetu?"

"Hii hii. Wengi ni wakulima wadogo, wanachuma kwa mkono."

"Kumbe! Na mibuni yao wanaichanganya na migomba?"

Hapo Diana akakwama. Alikuwa amesoma kurasa mbili tu za kitabu cha mwalimu, na kurasa hizo hazikusema lolote kuhusu migomba. Sasa mtu akiulizwa asichokijua, si aseme tu hajui? Lakini Diana alikuwa amesifiwa na Babu siku nne mfululizo, na sifa zilikuwa zimeshamnogea.

"Hapana, Babu. Migomba waliikata yote. Kahawa ikazaa mara tatu."

"Mara tatu," Babu akarudia polepole.

Diana akajitwika mzigo wake wa majani akaenda zake. Kabla hajafika bandani alikuwa ameshasahau alichosema.

Babu hakusahau. Jumamosi asubuhi Diana alikuwa akiosha vyombo aliposikia kishindo shambani, kisha kingine. Akaenda kutazama. Migomba mitano ilikuwa imelala chini, miwili ikiwa na mikungu michanga. Babu alikuwa akifuta jasho, uso umechangamka.

"Babu, kuna nini?"

"Nawafuata Wakolombia wako. Mpaka Jumatatu nitakuwa nimemaliza shamba lote."

Migomba ile ndiyo iliyowapa ndizi za kila siku, ndiyo iliyomlisha ng'ombe, na ndiyo iliyoikinga mibuni na jua. Akinyamaza, shamba litakwisha. Akisema, Babu atajua mjukuu wake ni mwongo. Babu akaugeukia mgomba wa sita, akainua panga.

"Babu, usikate. Nilikudanganya."

Panga likabaki juu. "Umenidanganya nini?"

"Sijui kama wanapanda migomba au hawapandi. Nilitunga tu."

Babu akashusha panga taratibu, akakaa juu ya mgomba ulioanguka. Hakumfokea. Diana alitamani angefokewa.

"Na zile bahari mbili?"

"Hizo ni kweli, Babu."

"Na masweta?"

"Kweli. Imeandikwa kitabuni."

"Mimi nitajuaje?" Babu akauliza kwa upole.

Diana akaanza kulia.

Jumatatu alimweleza Mwalimu Batuli kila kitu. Mwalimu hakumcheka. Alifungua kabati, akampa kile kitabu aende nacho nyumbani. "Safari hii ukisome mpaka mwisho," akamwambia. "Na umsomee Babu."

Jioni ile walikaa wawili barazani, Diana akisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari, Babu akichungulia begani. Wakasoma habari za milima, za bahari mbili, za masweta. Mwishoni wakaikuta kahawa. Kitabu kilieleza kwamba wakulima wengi wa Kolombia huchanganya mibuni na migomba, na wengine hawaweki kivuli kabisa, kwa sababu kwao mawingu hufunika jua muda mrefu.

"Kumbe wenzetu nao ni watu wa migomba," Babu akasema, akacheka kidogo. Kisha ugonjwa wake ukamrudia. "Na ng'ombe wao wanawalisha nini?"

Diana akafunua kurasa, mbele na nyuma. Akatafuta tena.

"Sijui, Babu."

Babu akamshika bega. "Jibu hilo ungenipa siku ile, migomba yangu ingekuwa imesimama. Kutojua si kosa, mjukuu wangu. Ukisema hujui, tunatafuta pamoja. Ukitunga, mimi nakuamini, na ninashika panga. Migomba itachipua tena. Kukuamini nako kutarudi, lakini kidogo kidogo, na kazi hiyo ni yako. Sasa kesho kamuulize mwalimu habari za ng'ombe. Ukikosa jibu, rudi uniambie umekosa."