Panya Anayeng'aa na Uvimbe wa Levina

Levina alikuwa akichuja asali jikoni kwake, kijijini Sikonge. Mkono wa kushoto aliutumia kwa tahadhari. Kwenye titi la upande huo palikuwa na uvimbe, mdogo kama karanga. Miezi mitatu sasa, na hakumwambia mtu, hata mumewe Mayala.

Alikuwa ameazimia kwenda hospitali ya Kitete. Ndipo binti yao Advera, anayefanya kazi maabara ya chuo, akatuma picha ya panya mwenye doa la kijani linalong'aa tumboni. Eti ndiyo kazi yake! Levina akajisemea: kumbe wataalamu wanatia watu taa mwilini! Safari ya Kitete ikafia hapo.

Advera alipokuja likizo, mama hakumpa nafasi hata ya kunywa maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yule panya mlimfanyaje?"

Advera akacheka. "Mama, hata begi sijatua! Haya. Mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo sana vilivyo hai. Sisi tunatia ndani ya seli chembe ndogo zaidi, zinazong'aa zikimulikwa. Kisha seli tunaiingiza kwa panya, tuone inakwenda wapi."

Mayala, aliyekuwa ananoa panga, akadakia. "Aa, hiyo mbona naijua! Nyuki akija kunywa maji, nampaka unga wa muhogo mgongoni. Namfuata mpaka kwenye mti anamoishi."

"Ndiyo hiyohiyo, baba!"

"Ila unga ukimzidi, haruki."

"Nasi tunapima kwanza kama chembe zinaidhuru seli."

"Na unga ukimpata nyuki mwingine?"

Advera akafikiri. "Hapo hata sisi tunahangaika. Seli yenye chembe ikifa, nyingine inazimeza. Tunadhani tunaifuata ileile, kumbe ni nyingine."

Mayala akatabasamu kama aliyefaulu mtihani. Levina hakutabasamu.

"Na watu? Mmewatia wangapi?"

"Hata mmoja, mama. Sisi tunatumia panya tu, bado ni utafiti. Na mtu hafanyiwi utafiti bila kuelezwa na kukubali mwenyewe. Nani kakutisha?"

"Nimejitisha mwenyewe," akasema Levina, machozi yakamtoka. "Nina uvimbe hapa."

Mayala akatupa panga. "Mke wangu! Mficha maradhi kilio humfichua. Kesho tunaondoka."

Kitete hakuna aliyemtia kitu kinachong'aa. Daktari alimpapasa, akampiga picha ya titi, akachukua kinyama kidogo kwa sindano. Majibu yakatoka: saratani, lakini bado changa.

"Umewahi," daktari akamwambia. "Si kila uvimbe ni saratani. Lakini kinachojua ni kipimo, si woga."

Alipewa rufaa, akapasuliwa, akamaliza dawa. Leo ana nguvu zake.

Jumapili moja baada ya ibada, Levina alisimama mbele ya akina mama wa kanisa. Alisimulia yote, hadi ujinga wake wa panya, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kisha akauliza, "Nani mwingine anaficha?"

Kicheko kikakatika. Mkono mmoja ukainuka nyuma, taratibu. Wa pili ukainuka mbele kabisa. Ulikuwa wa mama mchungaji.