Ukiandika Jina la Pudensiana

Kelele za mwizi zilianzia upande wa mitumba, zikafika kwenye meza ya asali kabla mwenye meza hajainua kichwa. Pudensiana alikuwa anamfungia mteja chupa, kitenge cha bluu kimekazwa kiunoni juu ya gauni jeupe, vidole vinanata. Alichoona kwanza ni kijana mwembamba akianguka kwenye tope, halafu fimbo, halafu tofali. Ilikuwa Jumamosi, soko la Mpanda limefurika, na kila aliyekuwepo alionekana kutembea na hasira yake ya siku nyingi akitafuta pa kuitua. Damu ilimtoka yule kijana puani na mdomoni. Mtu mmoja akaanza kuulizia tairi.

Ndipo mwanaume mrefu mwenye shati la mistari alipopenya katikati ya watu na kujilaza juu ya mwizi. Tofali lililofuata lilimpata yeye kichwani.

"Laptop ni yangu, na nimeshaipata," alisema, wala hakupaza sauti. "Nyie mtaua mtu kwa ajili ya kitu ambacho ninacho mkononi?"

Fimbo kadhaa zilimshukia bado, kisha zikapungua, kisha watu wakaona aibu wakatawanyika. Mwizi alitambaa chini ya meza za nyanya akapotea. Mwanaume alisimama, akayumba, akashika kitu kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa meza ya Pudensiana.

Alimkalisha kwenye ndoo, akamwosha jeraha kwa maji, akalipaka asali. Mwanaume aliuliza kama ni dawa au ni biashara.

"Tulia wewe," Pudensiana alisema. "Kwetu Ufipani mgonjwa hahojiani na anayemtibu."

Alirudia kumtazama usoni, si kwa sababu ya damu. Damu aliizoea. Jambo ambalo hakuwahi kuliona maishani ni mwanaume anayekipokea kipigo ili kisimfikie mwingine.

Kabla ya Mpanda, Pudensiana aliishi Kahama na Nashon, mnunuzi wa dhahabu, bila ndoa ya kanisani wala ya serikali, ingawa Nashon alimwita mke. Alipigwa kwa sababu ya chumvi, kwa sababu ya kucheka na muuza mkaa, kwa sababu ya kunyamaza. Kofi moja liliua sikio lake la kushoto. Asubuhi moja Nashon akiwa anaoga, Pudensiana alitoka na nguo alizovaa, akapanda basi hadi Tabora, na Tabora akapanda treni ya Mpanda kwa kuwa ndiyo iliyokuwa inaondoka. Nashon alikuwa amemwambia tangu zamani kwamba akiondoka atamtafuta, na akimpata atamzika.

Mwanaume wa sokoni aliitwa Nathanael Ng'washi. Wazazi wake ni Wasukuma waliohamia Usevya na ng'ombe wao yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Alikuwa na chumba cha steshenari Majengo, anachapa kazi za watu na kuwatengenezea wafanyabiashara wadogo tovuti. Alirudi sokoni kesho yake, plasta kichwani, shati limepigwa pasi, akasema amekuja kununua dawa.

Pudensiana alimwambia kwamba hata yeye ana tovuti, aliyotengenezewa na mtu wa Dar, ila haijawahi kumletea mteja hata mmoja. Nathanael aliifungua kwenye simu, akasubiri, akasubiri, kisha akacheka mpaka akashika kidonda. Tovuti iliitwa Golden Drop Enterprises. Ilikuwa na picha moja kubwa ya nyuki, na kiganjani kwa mtu wa kijijini mwenye mtandao dhaifu isingefunguka mpaka jua lizame.

Basi wakaanza kukaa pamoja jioni, yeye na laptop, Pudensiana na vitambaa vyake vya kuchujia. Nathanael alimfundisha kama mtu anayeongea na mtu mwenye akili. Mteja haandiki jina la kampuni asiyoijua, alimwambia, anaandika anachotaka na mahali alipo. Kwa hiyo kichwa cha ukurasa kiseme asali mbichi, Mpanda, Katavi. Picha zipunguzwe uzito. Namba ya simu iwe moja kila mahali, na chumba chake cha kazi kilichopo mtaa wa Shanwe kiwekwe kwenye ramani. Wateja walioridhika waombwe waandike neno. Alimuuliza pia watu sokoni wanamuuliza nini zaidi, na Pudensiana akasema wanauliza kama asali ikiganda imeharibika. Nathanael alimwambia ajibu swali hilo kwa maneno yake mwenyewe, akaliweka jibu kama alivyolisema. Ukurasa huo ndio ulioanza kuleta simu, kwanza za Tabora, baadaye za Mwanza.

"Kwa hiyo unanijua vizuri kuliko mimi," Pudensiana alimtania.

"Najua unachouza. Wewe mwenyewe bado natafuta."

"Na mtandao wako hauna?"

"Umenikataza nisiweke kitu, mpenzi. Nitapata wapi?"

Kweli alikuwa amekataa. Tangu siku ya kwanza alimwambia picha yake isionekane, jina lake lisionekane. Nathanael alipouliza sababu, alisema hapendi tu. Alipouliza kwa nini siku zote anaweka simu sikio la kulia, alisema alianguka na bodaboda. Alimpenda, na kwa kuwa alimpenda hakutaka kumwonyesha mwanamke aliyekuwa akitambaa sakafuni Kahama akiokota meno ya kitana kilichovunjikia kichwani mwake.

Nathanael aliona ni haya za mwanamke wa kijijini. Kwenye matokeo ya utafutaji mtandaoni, tovuti ilikuwa imekwama chini ya wafanyabiashara wa Tabora, naye alijua watu huuamini ukurasa wenye mtu ndani yake. Akataka kumshangaza. Aliandika ukurasa mzuri kuhusu Pudensiana Kalisti wa Shanwe, mwanamke anayenunua asali kwa warinaji wa misitu ya miombo na kuichuja kwa mkono wake, akauweka bila kumwambia. Tovuti ikapanda. Alipanga kumpelekea habari hiyo siku tovuti itakapofika juu kabisa.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne asubuhi. Pudensiana alikuwa kwenye chumba chake cha kazi Shanwe, anayeyusha nta kwenye sufuria juu ya mkaa. Mama Marsela, jirani aliyemsaidia kazi, alikuwa nyuma ya nyumba anatwanga. Kulikuwa na mwanamke aliyepiga simu mapema akiulizia kama yupo, akasema anataka ndoo kadhaa. Mlango uliposukumwa, Pudensiana aligeuka na tabasamu la biashara.

Nashon alifunga mlango nyuma yake, taratibu, kama mgeni mstaarabu. Alikuwa amevaa suti ya kijivu.

"Habari ya siku nyingi, mke wangu," alisema. "Kila asubuhi nilikuwa naandika jina lako kwenye simu, kama mtu anayesali. Hakuna kitu. Juzi nikaandika, umetokea wa kwanza kabisa. Nikampa mwanamke simu aulize kama upo, na ramani imenileta hadi mlangoni."

Ngumi ya kwanza ilimpata tumboni, ya pili shavuni. Alimvuta kwa nywele akampigiza kwenye rafu, chupa zikaanguka zikapasuka, sakafu ikawa asali na vioo. Alimkanyaga mkono, na Pudensiana akasikia mfupa ukiachia. Hakulia. Kahama alijifunza kwamba kulia kulimwongezea Nashon nguvu. Alisubiri mpaka Nashon alipoinama kuokota kisu cha kukatia masega, akajivuta hadi kwenye jiko, akaikamata sufuria kwa mkono mmoja bila kitambaa, ngozi ya kiganja ikabaki kwenye chuma, akammwagia nta usoni.

Ukelele wa Nashon ulisikika hadi barabarani. Nta iliganda juu ya jicho na shingo, lakini kisu hakukiachia, akawa anakata hewa, anakata meza, akamchana Pudensiana begani.

Nathanael alikuwa anaegesha pikipiki nje, simu mkononi, amekuja kumwonyesha kwamba wamekuwa wa kwanza. Alivunja mlango. Kisu kilimwingia ubavuni naye hakurudi nyuma. Wakaanguka wote kwenye vioo. Alimkaa Nashon kifuani, akamshika masikio, akaanza kukipigiza kichwa chake sakafuni. Kisu kilikwisha kudondoka zamani. Nashon alikwisha kulegea. Nathanael aliendelea.

"Nathan, acha," Pudensiana alisema. Akarudia. Akarudia tena.

Hakuacha. Aliyemtoa ni Mama Marsela, kwa kumpiga mchi wa kutwangia mgongoni. Nathanael alipogeuka, uso wake ulikuwa umejaa damu ya mtu mwingine, na Pudensiana akajivuta ukutani mbali naye, kama alivyozoea kujivuta.

Nashon hakufa. Alilazwa chini ya ulinzi, na wao wakalazwa pia, Pudensiana na mkono kwenye plasta ngumu, Nathanael na nyuzi ubavuni. Siku aliyoweza kutembea, Nathanael alikwenda kusimama miguuni pa kitanda cha Pudensiana. Pudensiana alikuwa ameshaonyeshwa ukurasa wenye jina lake na askari aliyekuja kuchukua maelezo.

"Nilikwambia usiweke jina langu," alisema.

"Sikujua, Pude. Hukuniambia."

"Nilikuambia usiweke. Sababu ni yangu. Mimi nilisema hapana, wewe ukaona unajua kuliko mimi. Hata yeye ndivyo alivyoanza." Akageuzia uso ukutani. "Na nimeuona mkono wako. Ungemuua mbele yangu."

Nathanael alijua yote mawili ni kweli. Usiku alikuwa anaota kichwa kile kikigonga sakafu, na katika ndoto alikuwa anafurahi. Aliufuta ukurasa. Alimtumia ujumbe mmoja tu kumweleza kwamba kwa muda kidogo jina litaendelea kuonekana hata baada ya kufutwa, kwa hiyo alale kwa Mama Marsela, isije Nashon akatuma mtu. Halafu akafunga steshenari akaenda Usevya kulima mpunga wa baba yake.

Mvua zilinyesha zikakata. Simu za wateja zilipungua, na Pudensiana hakuwalaumu, kwani duka lisilo na jina, lenye mlango uliofungwa kwa ndani, nani ataliamini. Alijikuta anamkumbuka Nathanael kwa mambo madogo, jinsi alivyokuwa akingoja ajibu kabla ya kubonyeza kitu, isipokuwa mara ile moja. Alimkasirikia kwa hiyo mara moja. Alimkumbuka hata hivyo.

Hukumu ilisomwa wakati wa mavuno. Nashon, nusu ya uso imekunjamana kama gome, alipata kifungo kirefu. Askari walipompitisha karibu na Pudensiana, alisimama.

"Nitatoka," alisema. "Nitakutafuta tena."

Pudensiana aliyasikia maneno yote, kwa maana aligeuza kichwa makusudi ili sikio zima liyapate.

"Usihangaike kutafuta," alimjibu. "Nitakuwepo na jina langu. Utakayemkosa ni yule aliyekuwa anakuogopa."

Alitembea kwa miguu mpaka stendi. Huko hakupanda bodaboda ya Shanwe. Alipanda basi la Usevya, akiwa na gauni lile lile la mahakamani, kola nyeupe, viatu vya kufunika.

Nathanael alikuwa shambani na watu wa kwao, suruali imekunjwa, mundu mkononi. Alipomwona anakuja juu ya tuta, aliuweka mundu chini kwanza. Pudensiana aliona hilo.

Hawakukumbatiana. Alimweleza ya mahakamani, na Nathanael akamweleza kuhusu ndoto zake, na kwamba amekuwa akienda kuzungumza na katekista kuhusu mkono wake, kwa sababu anauogopa. Hakuomba asamehewe kwa haraka. Alisema kosa lake halikuwa kutojua. Alisema aliambiwa hapana, akaisikia kama labda.

Pudensiana alikaa kwenye tuta, akamwomba simu.

"Nataka irudi," alisema. "Yote. Ramani, picha, na mimi mwenyewe."

"Una uhakika?"

"Uliza tena."

"Una uhakika, Pude?"

"Ndiyo. Sasa andika." Alimtajia neno kwa neno, naye akaandika kwa kidole chenye udongo bila kuongeza kitu. Walipofika kwenye jina, Nathanael aliacha kuandika akamtazama, akauliza aandike vipi.

"Pudensiana," alisema. "La pili acha wazi kwa sasa. Baba yangu yuko Sumbawanga, hajafa. Ukimpelekea wazee wako akawakubali, tutajua la kuandika."

Nathanael alichuchumaa kwenye tuta akaishika simu kwa mikono yote miwili, na baba yake kutoka kule shambani akauliza kama kuna tatizo. Alijibu kwa Kisukuma kwamba hakuna.

Walifunga ndoa Mpanda baada ya sikukuu ya Krismasi, Mama Marsela akiwa msimamizi. Mambo hayakuwa mepesi. Mlango ukijigonga kwa upepo, Pudensiana bado hushika kitu kilicho karibu, na mara mbili kimekuwa kisu. Mumewe akiona hivyo hasogei, huketi alipo na mikono juu ya meza, akasubiri mpaka mkewe amwambie njoo.