Jina Lililopewa Duara

Jua la Didia lilikuwa limezama pale Paskazia alipotoka kuokota mavi makavu ya ng'ombe ya kuwashia moto. Ulikuwa mwaka ule wa sabuni ya foleni, na kuni nazo zilikuwa zimehamia mbali, kama waume. Jilala, mwanawe, alikuwa huko Geita machimboni, akifukua dhahabu ambayo nyumbani hakuna aliyeiona hata kwa harufu. Mkewe Nyamizi alijifungua mtoto wa kiume huku nyuma, na habari zilikuwa hazijamfikia.

Mtoto mwenyewe alizaliwa na ugomvi wake. Alilia, akakataa ziwa, akalia tena mpaka kitovu kikamtoka. Mtoto wa namna hiyo, kwa Wasukuma, haumwi tumbo. Anadai jina. Paskazia alimpakata akaanza kumtajia wafu wa ukoo mmoja mmoja. Mabula, aliyezaliwa na mvua. Kilio. Nzala, aliyezaliwa na njaa. Kilio. Makoye...

Kimya. Mtoto akashika ziwa la mama yake.

"Lo! Mume wangu huyu," Paskazia alisema. "Walimwita Makoye, shida, kwa kuwa alizaliwa mwaka ng'ombe walipokwisha. Na shida alinipa kweli. Sasa amerudi kunyonya bure."

Tangu siku ile, mtoto akilia unamwita tu. Makoye! Ananyamaza kama aliyefunikwa.

Jioni hiyo mtoto alikuwa ndani na mama yake, akilia. Paskazia alikuwa ameinama na ungo wake aliposikia ng'ombe wanasukumana zizini, wote upande mmoja. Kisha ikaja harufu. Udongo mbichi, wa chini sana, ambao haujawahi kuona jua.

Mtu alisimama penye uwazi wa ua wa minyaa. Amelowa tope mwili mzima, na mvua haijanyesha tangu mavuno. Vidole vyake havikuwa na kucha.

"Huna shikamoo, wewe?" Paskazia alisema. "Au kwenu mnasalimiwa na mbuzi?"

Yule mtu akafungua mdomo. Akaufunga. Ndipo sauti ikaja, imechelewa, kama inapanda kutoka shimoni.

"Duara letu lilidai jina. Jilala ametoa. Nimekuja kumchukua Makoye."

Ungo ukamtoka Paskazia mikononi. Duara ndilo shimo la wachimbaji, hilo alilijua. Alijua pia kwamba shimo halidai jina ili liliimbe.

"Makoye gani?" alinong'ona.

Mgeni hakujibu. Aligeuza uso kuelekea nyumba, kule kwenye kilio, akaita taratibu.

"Makoye..."

Mtoto akanyamaza.

Mgeni akainua mguu, akavuka ua.

"We! Huyo hana jina bado!" Paskazia akamkinga kwa mikono yote miwili. "Kanyamaza kwa kuwa kapewa ziwa. Wewe hukunyonya? Ita tena basi, uone."

Alisema hivyo kwa sauti kubwa, ya kupita ukuta. Moyoni alikuwa akiomba. Nyamizi, usiwe mjinga leo. Leo tu.

"Makoye..."

Ndani, kimya.

Kisha mtoto akapiga ukelele, ukelele wa kiumbe aliyeumizwa. Nyamizi alikuwa amemfinya paja mpaka damu ikatoka. Mgeni akaita mara nyingine, na mtoto akazidi kulia.

"Siye," sauti ilisema, mdomo umeshafungwa. "Yuko wapi, basi?"

Makoye walikuwa wawili, na mmoja alikuwa amekwisha kula ugali wake wote wa duniani.

"Nyuma ya zizi," Paskazia alisema. "Amelala. Kamwamshe mwenyewe."

Hakugeuka kutazama. Alisikia tu. Kwanza kukwaruza. Kisha kuburuta.

Asubuhi kaburi la mumewe lilikuwa limebonyea katikati kama godoro la mgonjwa, na mawe yake yamekaa pembeni, yamepangwa vizuri.

Jilala alirudi kabla mwezi haujaandama, mikono mitupu, macho yamemtoka. Nyamizi alimtupia mtoto mapajani. "Mshike mwanao. Mlitaka kumuuza."

"Sikujua amezaliwa! Sikujua kapewa jina hilo!" Jilala alilia. "Mganga wa pale alisema kila mmoja ataje mtu wa kwao. Nikasema nitawacheza shere, nitaje marehemu. Aliyekufa atapungukiwa nini?"

"Jina la babu humwangukia mjukuu," Paskazia alisema. "Kuku wangu wanalijua hilo. Dhahabu mlipata?"

"Tuliacha kuchimba, mama. Kuna mtu anakohoa chini. Kikohozi cha baba. Na jioni anaita."

"Anamwita nani?"

Jilala akajifanya anamfuta mtoto kamasi.

"Anamwita nani, wewe?"

"Wewe. Paskazia, Paskazia, mpaka giza linaingia."

Mwiko wa Paskazia ukasimama ndani ya ugali. "Wacha aite. Alipokuwa hai aliita hivyo hivyo nami sikuwa naharakisha. Asiyeitika hachukuliwi."

Jilala aliacha kumbembeleza mtoto.

"Mmemwitikia?"

"Ni Kamili, yule tunayechimba naye. Alikuwa amelewa, mama. Alibana sauti kama mwanamke, watu wacheke. Akainama juu ya shimo akasema..."

"Akasema nini?"

"'Abee, mume wangu. Nakuja.'"

Nyamizi alifunika mdomo. Paskazia aliugeuza ugali, akaupakua, akaukandika mpaka ukawa laini kabisa pande zote. Kisha akamsogelea mkwewe, akamwekea kiganja tumboni.

"Nyamizi, mwanangu. Ukizaa wa kike, alie mpaka akauke. Jina langu usimtajie."