Kiti cha Bi Miza

Sahani haina miguu. Tukubaliane hilo kwanza, maana ukianza kunibishia hapa hatutafika. Ukiiweka kidakani, kile kishimo cha ukutani cha mapambo, uso ukitazama chumba, itatazama chumba mpaka aje mtu aiguse, au paka, au nchi itikisike. Kwa hiyo Himid, fundi wa kupamba nyumba, alipoingia asubuhi moja chumbani kwa Bi Miza akaikuta sahani ya kidaka cha tatu imegeuza uso ukutani kama mtoto aliyesusa, aliwaza jambo moja tu: paka.

"Nyumba hii ina paka?" akamuuliza Mwanahija, mjakazi mzee aliyekuwa akifagia.

"Haina."

"Basi umeigusa wewe."

"Mimi? Na kimo hiki? Kidaka kile sikifikii hata nikipanda punda."

Himid akacheka, akapanda ngazi, akaigeuza. Ilikuwa sahani ya Kichina, nyeupe, yenye ndege wa buluu mwenye jicho kubwa la duara, jicho linalokufuata popote uendapo. Alipotazama chini, Mwanahija ameacha kufagia. Ufagio ameukumbatia kifuani, macho hayabanduki kwenye sahani.

"Una nini, bibi?"

"Sina kitu. Fanya kazi yako, fundi."

Bagamoyo ya miaka ile, kabla ya Wadachi kuanza kupiga mizinga, nyumba ya mawe isiyopitiwa na mkono wa Himid ilihesabiwa nusu nyumba. Mwenyewe alikuwa hodari wa chokaa, wa nakshi za ukutani, wa kujua pazia gani lipokee mwanga wa asubuhi na busati gani lisitukanane na pazia. Na alikuwa na mdomo. Matajiri walimwita nusu kwa ufundi, nusu kwa mzaha. Hawakujua kwamba jioni alirudi kwenye nyumba yake ya makuti pale ng'ambo ya soko, akafungua mlango, akasema mzaha wake bora wa siku ile, na hakuna aliyemjibu. Mkewe Adija alikuwa amekufa mwaka wa tatu huo, kwa kikohozi kilichomla mwezi mzima. Adija ndiye mtu pekee mjini ambaye hakuwahi kumchekea. Himid akimaliza kisa kilichovunja baraza zima mbavu, Adija humtazama tu na kusema, "Umemaliza? Haya, osha miguu, ule." Mtu anaweza kuyakumbuka maneno kama hayo kuliko mashairi.

Aliyemwita mara hii ni Bwana Mahfoudh, Mmanga wa biashara ya sandarusi. Binti yake wa pekee, Nunu, miaka saba, alikuwa amefariki kwa ndui. Siku kumi na moja tu juu ya majani ya mgomba, kama walazwavyo wenye ndui, tangu homa mpaka sanda. Miezi mitano imepita na mkewe, Bi Miza, hajatoka chumba kile alichofia mtoto.

"Kibadilishe chote," Bwana Mahfoudh alimwambia kabla ya kuvuka kwenda Unguja. "Chokaa mpya, mapazia, vioo, kila kitu. Nyumba ikibadilika sura, huzuni ikija haitaujua mlango."

"Bwana wangu, nitaipamba hata wewe ukirudi utapiga hodi kwako."

Bwana Mahfoudh alicheka. Bi Miza, nyuma ya pazia, hakucheka. Alingoja mumewe atoke, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulipanga neno lake siku nyingi:

"Fundi, mengine fanya upendavyo. Mimi nataka kiti. Chumba kiwe na kiti, na kiti kipambwe."

"Cha watu wangapi, bibi?"

"Mmoja. Mdogo."

Kisha akataja: kitambaa chekundu cha kukitandika. Kioo mbele yake. Chetezo cha udi kulia, mrashi wa marashi ya waridi kushoto, na sinia ya halua chini.

Sasa, wewe unayesoma umekwisha kunyanyua nyusi. Mtu yeyote aliyenyonyeshwa pwani hii angesikia orodha ile akaomba ruhusa aende chooni, asirudi. Lakini fundi ana masikio ya fundi: mwambie kiti, naye anasikia mpingo na pembe. Himid akawaza, nyekundu juu ya mpingo, kioo kikirudisha mwanga, moshi wa udi ukipanda pembeni, ah! Bibi huyu ana jicho. Akachonga kiti kwa mkono wake mwenyewe siku tatu, akakitia vipande vya pembe, akakiweka katikati ya chumba, akakitandika. Na kwa kuwa hakuweza kukiona kitu kizuri asitie mzaha, akakiinamia kiti kitupu na kusema, "Karibu, bibi mdogo, starehe."

Asubuhi yake ndiyo ile sahani ikageuka.

Ikageuka na kesho yake, na kesho kutwa. Siku ya nne adhuhuri, jua la utosi, saa ambayo watu wazima wanalala na kuku wenyewe wanatafuta kivuli, Himid alikuwa juu ya ngazi akikata nakshi ya mwisho kuzunguka vidaka, na upande wa pili wa pazia jekundu alilolitundika kukata chumba Bi Miza akaanza kuimba. Wimbo wa watoto wa kupigana makofi. Himid akatabasamu. Akasema moyoni, bwana alisema kweli, rangi mpya imemfungua. Kisha akasikia makofi, na makofi ya mchezo ule hayapigwi na mtu mmoja, yanataka viganja vinne, viwili vikubwa na viwili vidogo, nayo yalikuwa yakilia hivyo hasa, pa kwa pe, pa kwa pe, na sauti ya pili ikaingia katika wimbo, nyembamba, yenye kithembe cha mtoto aliyeng'oka jino la mbele, ikakosea neno, ikacheka, ikaanza tena, na chini ya harufu ya udi ikapanda harufu nyingine mbichi na chachu ambayo Himid alihangaika kuitaja kwa kuwa haikuwa na haki ya kuwa ndani ya nyumba ya mawe, harufu ya majani ya mgomba yaliyolaliwa na mtu siku nyingi, yakavunjika na kulowa kwa jasho na usaha, ikazidi, ikamkaa kooni, mpaka patasi ikamponyoka ikaanguka sakafuni, na vyote, wimbo na makofi na kicheko, vikanyamaza kwa pamoja.

"Mama," ikasema ile sauti ndogo, "fundi anatusikiliza."

Himid hajui alishukaje ngazini. Alimkuta Mwanahija amekaa ukumbini, mgongo ukutani, kanga imefunika mdomo.

"Ni nani yule?" akanong'ona.

"Umemleta wewe, unaniuliza mimi?"

"Mimi nimeleta kiti!"

"Kiti!" Mwanahija alimtazama kama mtu anavyomtazama punda aliyekanyaga mtoto. "Ewe Himid, umezaliwa wapi wewe? Kiti si kile cha mpingo. Kiti ni yeye. Mtu anayepandwa na jini ndiye kiti. Bibi yangu ametaka kupandwa, na wewe umemtandikia mgeni."

"Lakini sauti ile ni ya mtoto."

"Ya Nunu. Nimemlea, nisiijue? Na ile sahani, aliigeuza yeye kila siku. Alikuwa akimwogopa yule ndege. Hapiti mpaka nimpandishe begani amgeuze." Akalia bila sauti. "Si yeye, fundi. Waliokufa hawarudi. Lakini najikuta nasimama mlangoni nimsikilize. Mungu anisamehe."

Wakaficha jambo lile siku tatu, kila mmoja kwa sababu yake: Mwanahija kwa mapenzi, Himid kwa aibu. Siku ya saba Mwanahija akaenda kumwogesha bibi yake, akarudi mbio. Mikono ya Bi Miza imejaa malengelenge.

Na Bi Miza alikwisha kuugua ndui utotoni, makovu anayo. Ndui haimrudii mtu.

"Ni ule ule," akasema Mwanahija. "Mtoto alianza hivi hivi, siku ya saba ikamjaa mikononi. Ya kumi na moja tukamkafini. Zimebaki nne, Himid."

Himid akashika njia ya Kaole, mara hii bila kumtania mtu njiani. Huko ilimbidi kumngoja siku mbili arudi safarini Bi Ashatu, mganga wa kupunga majini, mwanamke mfupi, mkali, aliyesomeshwa chuo cha Kurani na babake. Alisikiliza habari yote huku akichambua mchele.

"Majini ni waigizaji," akasema. "Ila wana ubaya mmoja. Hawajui kuishia katikati. Akivaa sauti ya maiti, avaa na ugonjwa wake, na mwisho wake. Twende."

Walifika siku ya tisa, alasiri. Bi Miza alikuwa kitini, miguu haikugusa chini. Sijui nieleze vipi: alikuwa mwanamke mrefu, kiti kilikuwa kifupi, na miguu haikugusa chini. Aliibembeza, kisigino kikigonga mpingo, ko, ko, ko.

Bi Ashatu akatia ubani, akakaa mbele yake.

"Asalaam aleikum. Wewe nani?"

"Nunu." Kwa kithembe kile kile.

"Nunu yuko kwa Mola wake. Nakuuliza wewe. Nani kakuita?"

"Mama."

"Nani kakutandikia?"

Kidole kikanyanyuka, kikapita kwa Mwanahija, kikasimama kifuani mwa Himid. "Huyu mchekeshaji. Kanambia, karibu, bibi mdogo, starehe." Na sauti ilikuwa ya Himid mwenyewe, na mzaha wake ndani. Himid aliusikia kwa mara ya kwanza jinsi unavyosikika ukisemwa na mwingine. Haukuchekesha.

Bi Ashatu akaanza kusoma. Mwili wa Bi Miza ukapinda. Mtoto akalia, kilio cha kweli cha mtoto, kile kinachovuta maziwa kifuani. "Mama! Wananitoa! Mama, mara ya pili!"

Na kinywa kile kile kikajibu kwa sauti nzito ya Bi Miza: "Sikuachi, mwanangu. Waache waniue nawe."

Bi Ashatu akakatiza kisomo. Jasho lilimtiririka. "Hapo siwezi," akamnong'oneza Mwanahija. "Akimshika mwenyewe kwa hiari, mimi ni mpita njia tu." Akatazama juu vidakani. "Fundi, niteremshie ile ya ndege."

Akaandika kombe juu ya sahani ile, aya za kuoshwa na kunywewa, kwa wino wa zafarani, zikilizunguka jicho la buluu bila kuligusa. Akailaza mapajani mwa Bi Miza.

"Haya, Nunu. Soma. Wewe mtoto wa chuo."

Hasira ikampanda yule aliye ndani. Akaikamata sahani kwa mikono miwili, akaileta usoni, pua kwa pua na ndege, jicho kwa jicho, akatafuta neno la kulitemea mate. Akamtazama ndege yule kwa muda mrefu. Hakupepesa.

Mbele yake kilikuwa kioo.

Bi Miza akaona. Himid aliuona uso ule kiooni ukigawanyika, chini bado una hasira, juu macho yanajaa maji.

"Humwogopi," akasema Bi Miza, polepole. "Humwogopi ndege."

"Mama, ninamwogopa, ninamwogopa sana..." Sahani ikageuzwa upesi. Lakini mwigizaji aliyesahau zamu yake, hata akikumbuka, watu wamekwisha kumwona.

"Mwanangu alikuwa akimwogopa," Bi Miza akasema. "Si wewe. Ee Mola, si wewe." Akaomba maji, akaliosha kombe lile kwa mkono wake wenye malengelenge, akalinywa lote, akilia, kama mtu anayemzika mtoto kwa koo lake.

Harufu ya mgomba ilitoka kwa mlango. Mapazia mapya yalijaa upepo mara moja, yakatulia.

Bi Miza aliishi. Malengelenge yalikauka kabla mumewe hajarudi. Chumba kikasifiwa mji mzima kwa uzuri wake, na yeye hakukaa ndani yake tena hata siku moja.

"Bado kiti," Bi Ashatu alisema siku ile akifunga mkoba. "Mkono uliotandika ndio utandue. Kipeleke mikokoni, maji ya chumvi, ukivunje. Peke yako. Na usikisemeshe."

Himid akakibeba kichwani mpaka mikokoni, akaingia topeni mpaka magotini, akanyanyua shoka. Jua lilikuwa bado linawaka. Kimya kilikuwa kizito mno kwa mtu wa namna yake, naye hakuwahi kukaa na kimya akakiweza.

"Samahani, kiti," akasema. "Nimewachongea wengi, ila wewe ndiwe wa kwanza kuniletea mteja wa kaburini."

Hakuna aliyecheka.

"Umemaliza?" ikasema sauti nyuma ya kiti. "Haya, osha miguu, ule."

Shoka likabaki juu.

Alijua. Nani angejua kuliko yeye? Aliyaona yote siku ile ile kwa macho yake, na njia ya kumjaribu alikuwa nayo: Adija hakuwahi kumchekea maishani. Lilitosha neno jingine moja la kuchekesha, amsikilize atafanya nini.

Hakumjaribu. Alishusha shoka, akaosha miguu, akakifuta kiti tope, akakirudisha kichwani.

Majirani ng'ambo ya soko walifurahi kusikia fundi amepata tena mtu wa kuzungumza naye. Walisema nyumba yake ya makuti imependeza ajabu siku zile: pazia jekundu, kioo, udi kila jioni. Walimsikia akisimulia, kisha kimya kidogo, kisha yeye mwenyewe akicheka kwa furaha. Hayo yalikwenda wiki tatu.

Wiki ya nne, asubuhi, alikuja kazini kwa mtu kupaka chokaa. Akapanda ngazi, akafungua kinywa aseme mzaha, akaweka kiganja mdomoni. Akakohoa. Kidogo tu, kikohozi chembamba cha mwanamke.